Roboti Hii au Roboti Huyu?

Anayetaka kusimulia habari za roboti ya plastiki aliyoiunda kwa mikono yake anadaiwa jibu na sarufi kabla hajafika mbali: ni hii au ni huyu? Kiswahili hakina njia ya katikati. Kila kitenzi na kila kivumishi kitakachofuata kitabeba alama ya uamuzi wake, na msikilizaji atajua mara moja msemaji anakionaje kitu hicho. "Roboti imeanguka" ni habari ya kitu kilichodondoka kutoka kabatini. "Roboti ameanguka" ni habari ya mwenzetu.

Waandishi wa habari wanalijua tatizo hili. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba roboti Sophia, kazi ya kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong, imepewa uraia wa Saudi Arabia. Hapo kalamu ya Kiswahili inagoma. Kitu kinachoitwa "hii" kitapataje uraia? Mjini Kinshasa, kuanzia mwaka 2013, roboti za alumini zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi zilisimama njia panda zikiongoza magari, zikiinua na kushusha mikono. Tatu kati ya zile zilizofuata mwaka 2015 zilipewa majina: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Jaribu kuandika "Tamuke imeinua mkono" uone kalamu inavyosita. Jina likishatolewa, "huyu" haiko mbali.

Mtu anaweza kudhani kwamba umbo ndilo linaloamua, kwamba chenye kichwa, mikono na miguu kitaingia ngeli ya watu. Lugha yetu haifuati hivyo. Mwanasesere ni kitambaa na pamba, lakini ni mwanasesere huyu, na wakiwa wengi ni wanasesere hawa, sawa na wanafunzi na wanakijiji. Kinyago cha Mmakonde kina macho, meno, mara nyingine hata tumbo la mimba, na bado ni kinyago hiki. Sanamu ya shujaa katikati ya mji, hata ikifanana naye kama pacha, ni sanamu hii. Mwanasesere alipewa heshima ya utu kwa sababu mtoto humlaza, humlisha na kumsema. Kinyago kilichongwa ili kitazamwe, na huko kutazamwa hakukukipa nafasi hiyo.

Roboti imefika Kiswahilini ikiwa haina nasaba ya namna hiyo. Ilikuja na jina la kigeni, ikatiwa irabu mwishoni, ikaachwa mlangoni pa ngeli ijichagulie. Nadhani inafaa kuisaidia, na msaada huo utatoka katika historia ya neno lenyewe.

Neno hili lilizaliwa likiwa huyu. Mwaka 1920 Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alichapisha tamthilia yake R.U.R., na Januari 1921 ikaonyeshwa Prague. Roboti wake hawakuwa wa chuma. Walipikwa kiwandani kwa uji wa kemikali ulioiga nyama ya kiumbe hai, wakafanana na watu kiasi cha kumchanganya mgeni, wakatumikishwa, kisha wakaasi. Čapek alieleza baadaye kwamba yeye mwenyewe alikuwa amefikiria jina linalotokana na neno la Kilatini la kazi, akaliona la kitabuni mno. Akamwendea kaka yake Josef, mchoraji, aliyekuwa amesimama mbele ya turubai na brashi mdomoni, na Josef ndiye aliyelitamka neno roboti. Asili yake ni robota, kazi ya lazima ambayo mkulima asiye huru alimfanyia bwana wa ardhi.

Kiswahili kilikuwa na neno la dhuluma hiyo: shokoa. Tena kilikuwa na jingine lililokaribia zaidi fikra ya Čapek, nalo ni manamba. Hao ni vibarua waliosafirishwa kutoka mbali kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanganyika enzi za ukoloni, wakaitwa hivyo kwa namba walizopewa. Mtu alifika shambani na jina lake, mnyapara akamwita kwa tarakimu. Nikiisoma orodha ya roboti za hadithi za Kijapani, na namba zilizobandikwa majinani mwao, neno hili la mkonge hunirudia. Tetsujin 28. RX-78-2, yaani Gundam. Kiumbe wa kazi huhesabiwa kwanza.

Waarabu walipita njia nyingine. Wao huita roboti al-insan al-ali, na sehemu zote mbili za jina hilo tunazo nyumbani: insani ni binadamu, na ala ni chombo cha kazi, kama katika ala za muziki. Insani wa ala! Katuni ya Kijapani ya Grendizer ilipotiwa sauti za Kiarabu ilipendwa sana Uarabuni, na Mswahili aliyekulia Maskati angeweza kulisikia jina hilo na kulifumbua bila kufungua kamusi. Sipendekezi tulichukue, kwani roboti imeshakaa vinywani. Lakini ni vizuri kujua kwamba tuliwahi kuwa na njia hiyo mlangoni petu.

Japani ndiko roboti ilikoshuka hadi kiganjani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya huko vilitoa roboti za bati za kutia ufunguo, na bati lenyewe waliliita buriki, neno walilolipata kwa Waholanzi kama sisi tulivyolipata neno meza kwa Wareno. Hadithi zilikwenda sambamba na bati. Ukizipanga kwa miaka na kuzipitisha kwenye ngeli zetu, utaona jambo la ajabu. Mwaka 1952 Osamu Tezuka alianza kuchora Atomu, mtoto wa kutengenezwa mwenye uchungu na huruma: bila shaka ni huyu. Mwaka 1956 Mitsuteru Yokoyama alileta Tetsujin 28, jitu la chuma linaloendeshwa na mvulana kwa kifaa cha mbali. Kifaa kikiibwa, jitu linamtii mwizi. Hilo ni hili au hii, wala hakuna wa kubisha. Mwaka 1972 Go Nagai akamweka kijana ndani ya kichwa cha Mazinger Z. Jitu likapata akili ya mtu, na akili hiyo ikawa ya kuazima.

Kisha ikaja katuni ya Gundam. Ilianza kuonyeshwa Aprili 1979 kwenye televisheni ya Nagoya, mwongozaji akiwa Yoshiyuki Tomino na mbunifu wa mitambo akiwa Kunio Okawara. Watazamaji walikuwa wachache, na vipindi 52 vilivyokusudiwa vikakatwa hadi 43. Jambo jipya lilikuwa namna mashine zilivyochukuliwa. Zilikuwa zana za jeshi, nyingine zikitoka kiwandani kwa wingi kama malori. Ziliishiwa risasi. Zilikwenda matengenezo. Rubani alikufa na mashine ikapewa mwingine. Kwa ngeli, Gundam ni mahali ambapo roboti ilirudi kuwa hii kwa makusudi, ili huyu awe kijana aliyemo ndani.

Naandika rubani bila wasiwasi. Neno hilo lilikuwa la baharini, la mjuzi anayeongoza chombo, kabla ya kupanda ndege, na linaweza kupanda kimo kingine tena. Jina la mashine yenyewe ndilo linalohitaji kufikiriwa. Wabunifu wa Gundam waliipa jina la vazi, suti inayokwenda, kwa sababu fikra ilitoka kwenye riwaya ya Robert Heinlein ya mwaka 1959 kuhusu askari wanaovaa mavazi yenye nguvu ya injini. Vazi hilo likakuzwa hadi likawa na urefu wa mita 18. Kiswahili kikisema suti, msomaji ataona koti, tai na harusi. Tunalo neno bora, deraya. Msomaji wa tendi za vita analijua kama vazi la chuma la mpiganaji, na msikilizaji wa redio amelisikia katika magari ya deraya. Neno moja limeshatoka kwenye kifua cha mtu hadi kwenye gari la vita, nayo ndiyo safari iliyofanywa na mashine ya Tomino. Deraya huvaliwa, deraya huendeshwa, na deraya hii haitatuletea ugomvi wa ngeli.

Mfano unaonishawishi zaidi uko kwenye kalibu za Takara. Mwaka 1980 kampuni hiyo ya Japani ilianza kutoa vichezeo vya Diaclone, na baadaye yakaongezwa magari yaliyogeuka roboti, yakiwa na viti vidogo vya madereva wa plastiki wasiozidi urefu wa kidole. Roboti zile zilikuwa hizi, maana mwenye uhai alikuwa dereva. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ikapata haki ya kuviuza, ikavitoa mwaka 1984 kwa jina la Transformers, na katika Marvel Comics mhariri Bob Budiansky akaandika majina na tabia za wengi wao. Ghafla kila gari likawa na nafsi, hasira na urafiki. Dereva akaondolewa. Viti vikabaki, kwa sababu kalibu ilikuwa ile ile. Mpaka leo mkusanyaji akifungua kichwa cha lori la kale la Optimus Prime, mmoja wa Transformers hao, ataona nafasi ya dereva ambaye hadithi haimjui. Plastiki haikubadilika hata tone, na bado kitu kilitoka hii kikawa huyu. Hapo ndipo ninapopata kanuni yangu: ngeli ya roboti inafuata hadithi yake, na ikiwa haina hadithi, inafuata mazoea ya aliyeishika. Gundam mezani ni hii. Optimus mezani ni huyu. Anayetaka sheria moja kwa zote mbili atakuwa anaipunguzia lugha kazi inayoifanya vizuri.

Ukubwa nao una ngeli. Tunajua kukuza kwa ji- na kudogosha kwa ki-: mtu, jitu, kijitu. Kwa hiyo roboti ya mita 18 ingekuwa jiroboti, na mfano wake wa mezani ungekuwa kiroboti. Tatizo ni kwamba irabu moja tu inakitenga kiroboti na kiroboto, mdudu wa mbwa. Nadhani sababu hiyo inatosha kueleza kwa nini sijasikia mtu akiidogosha roboti kwa ki-. Masikio hukataa kabla akili haijafika.

Kwa sababu hiyo udogo wa roboti tuusemee kwenye skeli, neno tulilolizoea kwenye ramani za shule. Vifurushi vya kwanza vya Gundam vilitolewa na Bandai Julai 1980, kwa yeni 300, katika skeli ya 1/144. Namba hiyo inaonekana ya ovyo hadi uirudishe kwenye vipimo vya futi. 1/72, skeli ya ndege za kuunda, ni futi 6 kwa inchi 1. 1/144 ni nusu yake, futi 12 kwa inchi 1. Mswahili wa pwani anaweza kuipokea namba hiyo kwa furaha zaidi ya Mjapani, maana futi 6 ndiyo pima, ule urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, wanaopimia kamba na kina cha maji. Skeli ya 1/144 ni pima mbili kwa inchi. Deraya ya mita 18 ina pima kumi hivi. Kwenye kisanduku inakuwa inchi tano. Hesabu inafanyika kichwani. Katika 1/100 deraya hiyo hiyo ni sentimita 18, na katika 1/60 ni sentimita 30.

Jina la burudani yenyewe limeundwa kwa mkasi. Wajapani walichukua "plastiki" na "modeli", wakazifupisha kuwa puramo, kisha wakakata Gandamu, wakashona vipande viwili: ganpura. Wataalamu wetu huita mbinu hii uhulutishaji, na ndiyo iliyotupa chajio kutoka chakula cha jioni na chamcha kutoka chakula cha mchana. Kijapani na Kiswahili vinafanana hapa kwa namna ya kupendeza: lugha zote mbili hazipendi kuacha konsonanti ikining'inia mwishoni mwa neno. Wao husema robotto, sisi roboti. Wao geto, sisi geti. Neno likifika kwetu kupitia Japani huwa limeshafunzwa nusu ya adabu zetu. Ganpla basi, au ganpura, linaweza kuingia lilivyo. Ni jina, na majina hayatafsiriwi. Kazi kubwa ya istilahi iko kwingine, kwenye vitendo vya mikono.

Na huko naomba tusikimbilie ofisini. Historia ya istilahi zetu ina maneno yaliyotungwa kwa elimu nyingi na yakakosa wasemaji. Tarakilishi na ngamizi zilipendekezwa, na mitaani kompyuta ikaendelea kutawala. Kazi ya kuunda roboti za plastiki ina bahati kwamba kila tendo lake lina ndugu katika kazi ambayo Waswahili wanaifanya au wameifanya. Neno lipo kinywani mwa fundi. Kinachotakiwa ni kulivusha.

Tuanze kiwandani. Punje za plastiki, nyingi zikiwa za polistireni, huyeyushwa kwa joto linalopita nyuzi 200, zikasukumwa kwa shinikizo ndani ya chombo cha chuma chenye umbo la vipande. Chombo hicho ni kalibu, neno la wafua vyuma, na tendo lake ni kusubu. Kamusi hulitaja kwa madini. Sioni sababu ya plastiki kunyimwa. Mji wa Shizuoka, ambako Bandai, Tamiya na Aoshima wana makao au viwanda vyao, ni mji wa kusubu. Ulianza na mbao. Tamiya yenyewe ilikuwa kampuni ya mbao mwaka 1946 ilipoanzishwa, ikatengeneza mifano ya meli za mbao kabla ya plastiki kuishika nchi.

Plastiki ikipoa hutoka ndani ya kalibu ikiwa fremu ya vijiti yenye vipande vimening'inia. Wajapani huviita vijiti hivyo ranna, na sehemu nyembamba inayokishika kipande huiita geto. Tungeweza kusema rana na geti tukaishia hapo. Lakini mtu aliyeona karafuu Pemba ameshaiona kazi hii. Karafuu hushuka mtini na kitawi chake, kisha jioni watu hukaa kuzichambua, punje upande huu na makonyo upande ule. Kikonyo ndicho kinacholishika tunda. Kitawi ndicho kinachovishika vikonyo. Vipande vya roboti navyo hukaa hivyo hivyo kwenye kitawi, kila kimoja na vikonyo vyake viwili vitatu. Ulinganisho unaendelea hata baada ya kuchambua: makonyo ya karafuu hayatupwi, hukamuliwa mafuta, na Bandai mwaka 2021 ilianza kukusanya vitawi vitupu kutoka kwa wateja ili plastiki yake itumike tena.

Kukata kikonyo ni ufundi wa kwanza anaojifunza muundaji, na wengi hawaumalizi. Koleo ikikatia kipande karibu mno, plastiki huvutwa kabla haijakatika na kuacha doa jeupe la mchubuko. Doa hilo halifutiki kwa kitambaa, maana liko ndani ya plastiki. Tunalo neno lake, kupauka, kama ngozi isiyopakwa mafuta msimu wa upepo mkavu. Ili kipande kisipauke hukatwa mara mbili: kwanza mbali, ukiacha kishina, kisha polepole karibu na uso. Kinachobaki hupigwa msasa. Msasa! Kabla haujawa karatasi ya dukani ulikuwa mti, na majani yake makavu na makali ndiyo mafundi waliyolainishia mbao. Leo tunapiga msasa hata watumishi kwa semina. Muundaji huanza na namba 400, akaja 600, 800, hadi 1000, na kila namba hufuta mikwaruzo iliyoachwa na iliyoitangulia. Mwishoni kidole hakijui tena kikonyo kilikuwa wapi. Hicho ndicho kipimo: kidole, kabla ya jicho.

Vipande vya Gundam vya mwaka 1980 vilikuwa vya rangi moja na vilihitaji gundi na rangi. Vya leo husubiwa kwa rangi mbalimbali na hushikana bila gundi, kijiti kikiingia kwenye tundu lake. Wajapani huita uundaji huo pachi-gumi, na pachi ni tanakali ya sauti ya kipande kinapokaa. Sisi tuna kitenzi pachika, kutia kitu baina ya vitu viwili, kama mshale kwenye uzi wa upinde. Maneno haya hayana undugu wowote, na ni kosa kuyatafutia babu mmoja. Ila bahati ikikuwekea mezani neno linalofanana kwa sauti na kwa maana, lipokee. Kupachika ndilo neno la kazi hii. Walimu wa sarufi nao hulitumia: viambishi hupachikwa kwenye mzizi. Na kipande kilichopachikwa vizuri, Kiswahili kinasema kimekaa ndi.

Juu ya uso wa deraya kuna mistari iliyochimbwa, myembamba kama unywele, inayoonyesha mahali ambapo mabamba ya chuma yangekutana kama mashine ingekuwa ya kweli. Wengi wangekimbilia kusema nakshi, kwa kuwa wameona milango ya Zanzibar na Lamu. Nakataa. Nakshi ni pambo na haina haja ya kujieleza. Mstari huu unadai kuwa kiungo. Uitwe mfuo, na mingi ni mifuo. Mifuo hutiwa wino mweusi au wa kijivu ili ionekane; Wajapani husema sumi-ire, na sumi ni wino, kwa hiyo "kutia wino mifuoni" ni neno kwa neno na bado ni Kiswahili cha kawaida. Pale ambapo plastiki imebonyea kidogo kwa kupoa vibaya ni kibonyeo. Pale ambapo nusu mbili za mguu zimekutana na kuacha alama ni mshono, na mshono huzibwa.

Kwa kuziba, nenda gereji. Wanyoosha bodi za magari wamekuwa wakipiga puti kwa miaka mingi, kisha msasa wa maji, kisha praima, kisha kupuliza rangi. Mfuatano huo huo, kwa maneno hayo hayo, ndio wa muundaji wa roboti. Tofauti ni ukubwa wa bampa. Gereji pia inatupa bushi kwa zile pete laini za poliethilini zinazokaa ndani ya goti na kiwiko ili kiungo kisilegee, na boli jointi kwa kifundo cha mguu. Haya maneno yameshapigwa jua na oili. Hayahitaji kikao cha kuyapitisha.

Kuna hatua moja ambayo wageni huishangaa: kitu kipya kinaharibiwa kwa makusudi. Kinapakwa masizi, kutu ya kuchora, michubuko ya rangi pembeni. Wajapani huita yogoshi, yaani kuchafua, na nadhani hapa tumewazidi. Kuchakaza ni bora kuliko kuchafua. Uchafu huoshwa, uchakavu una umri ndani yake, una safari na vita vilivyopita. Mifano ya vyombo vya angani katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 ilishangaza watazamaji kwa sababu hiyo. Ilichakazwa, tena nyuso zake zilijazwa vipande vilivyonyofolewa kutoka vifurushi vya dukani vya vifaru na magari. Kwa kazi hiyo ya kuchanganya vipande vya vifurushi mbalimbali hadi kitokee kitu kimoja tuna kitenzi cha kurudufu, kuungaunga, na kurudufu kwenyewe kunasema kila kitu.

Rangi zina tanakali zake, na nazo zina hatari. Mtu angependa kuiita deraya ya Char Aznable, adui mkuu wa Gundam, nyekundu pyu, kwa kuwa hadithi inaiita nyekundu. Lifungue sanduku: plastiki yake ni ya waridi na damu ya mzee. Pyu ingekuwa uongo. Kifua cheupe cha Gundam, hicho ni pe.

Kuhusu wakusanyaji sina mengi, ila maneno matatu yasichanganywe. Wajapani wana tsumi-pura, lile rundo la visanduku visivyofunguliwa ambalo kila muundaji analo. Kitenzi chetu cha hali hiyo ni kulimbika: kuweka kando mpaka kitu kitimie au kiive, kama maji ya kisima au ndizi. Anayelimbika anakusudia kurudi. Mkusanyaji ni mwingine. Yeye ana mpango, anatafuta kinachopungua. Na anayenunua rafu nzima asubuhi ili auze kwa bei maradufu jioni, jambo ambalo limewaudhi sana waundaji wa Japani miaka ya karibuni, huyo ana jina lake nchini Tanzania, lililovuma katika kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi. Ni mlanguzi.

Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya kisanduku mara nyingi ni ya Kijapani, na kwa asiyejua Kijapani inazungumza kwa michoro, mishale na namba. Pembeni mwa michoro kuna nafasi nyeupe. Wewe unayeunda, uwe Dar es Salaam, Nairobi, Goma au Maskati, andika hapo kwa penseli neno unalolitumia wewe na wenzako kwa kila tendo: mnaitaje kukata, kuziba, kupachika, kutia wino. Kama lenu linatofautiana na langu, liandike lenu. Kisha orodha zikusanywe na zipelekwe kwa mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, zikiwa na majina ya miji zilikotoka, ili atakayetunga kamusi ya kazi za mikono akute maneno yenye wasemaji.